Namna ya Kuchagua, Kutunza na Kumimina Chianti Classico ya Shamba la Familia

Chupa ya Chianti Classico iliyotoka kwenye shamba dogo la familia humtatiza mnywaji mgeni mara mbili. Mara ya kwanza ni dukani, ambako lebo yake hufanana na lebo nyingine zilizopangwa kando yake, zote zikiwa na picha ya kilima, mnara wa mawe au nembo ya ukoo. Mara ya pili ni mezani, ambako funda la kwanza hukwaruza ulimi na kuacha uchachu unaomfanya ajiulize kama ameuziwa kitu kibovu. Tatizo la kwanza humalizwa na maandishi madogo yaliyo nyuma ya chupa, ambayo watu wengi hawayasomi. La pili humalizwa na subira: mvinyo huu usihukumiwe kabla haujakutana na chakula, kwa sababu tangu mwanzo ulitengenezwa kwa ajili ya chakula.

Unachokitafuta

Chianti Classico hutoka katika vilima vilivyo kati ya miji ya Firenze na Siena, mkoani Toscana, na haifai kudhaniwa kuwa ndiyo Chianti isiyo na neno la pili. Mwaka 1716 mtawala wa Toscana, Cosimo III wa ukoo wa Medici, alitoa amri iliyoweka mipaka ya maeneo manne ya mvinyo, na Chianti ilikuwa mojawapo. Kadiri jina lilivyopata soko, ndivyo majirani walivyozidi kulitumia, hata mwaka 1932 serikali ikalipanua eneo la Chianti kupita mbali vilima vya awali, huku ikiyaachia mashamba ya kiini cha zamani haki ya kuongeza neno Classico. Tangu mwaka 1996 Chianti Classico inasimamiwa kwa kanuni zake yenyewe. Alama yake ni jogoo mweusi, ambaye utamkuta shingoni mwa chupa au kwenye lebo ya nyuma. Jogoo huyo alikuwa nembo ya muungano wa kijeshi wa vijiji vya Chianti katika zama za kati, na mchoraji Giorgio Vasari alimchora kwenye dari ya ukumbi mkuu wa Palazzo Vecchio mjini Firenze. Wenyeji wana pia hekaya ya jogoo aliyenyimwa chakula ili awike kabla ya alfajiri na kumpa mpanda farasi wa Firenze nafasi ya kumtangulia yule wa Siena katika kugawana mpaka. Ni hekaya tamu, ila haisaidii lolote katika kuchagua chupa.

Kinachosaidia ni kujua zabibu zilizotumika. Kanuni zinadai angalau asilimia 80 ya zabibu za aina ya Sangiovese, na sehemu inayobaki inaweza kujazwa na zabibu nyekundu za kienyeji, kama Canaiolo na Colorino, au zile zilizotoka Ufaransa, kama Merlot na Cabernet Sauvignon. Zabibu nyeupe, ambazo kwa muda mrefu zilikuwa sehemu ya mchanganyiko, zilipigwa marufuku kuanzia mavuno ya mwaka 2006. Anayetaka ladha ya jadi atafute mvinyo wa Sangiovese peke yake, au wa Sangiovese iliyolainishwa kidogo na Canaiolo, ambao ni mpango ule ule alioueleza Bettino Ricasoli, mwenye shamba la mvinyo huko Chianti, katika barua yake ya mwaka 1872: Sangiovese kwa ajili ya harufu na nguvu, Canaiolo kwa ajili ya kupunguza ukali. Hakuna ubaya wowote katika kutumia Merlot, lakini Merlot huziba pembe ambazo ndizo zinazoitambulisha Chianti Classico, na ukishanunua chupa kwa sababu ya shamba fulani na familia fulani, ni hasara kuuziwa ladha inayoweza kutoka popote duniani.

Rangi nayo inatoa ushahidi. Sangiovese haitoi mvinyo mweusi kama wino. Hutoa wekundu wa rubi unaopitisha mwanga, na kadiri miaka inavyopita ukingo wake huelekea rangi ya tofali. Ukimimina Chianti Classico usiyoweza kuona vidole vyako nyuma ya glasi, uliza ni zabibu gani nyingine zilizoingia humo.

Madaraja ni matatu. Ya kawaida, inayoitwa Annata, huruhusiwa kuuzwa kuanzia Oktoba ya mwaka unaofuata mavuno. Riserva hukaa angalau miezi 24 kabla ya kuuzwa, na Gran Selezione, daraja lililoanza kutumika mwaka 2014, hukaa angalau miezi 30 na lazima itokane na zabibu za mzalishaji mwenyewe. Ushauri wangu ni kuanza na Annata. Kwa familia ndogo, Annata ndiyo sehemu kubwa ya mavuno na ndiyo mvinyo unaonywewa nyumbani kwao mchana na jioni. Shamba lisiloweza kutengeneza Annata safi na yenye uhai haliwezi kuokolewa na chupa nzito ya Gran Selezione.

Kusoma nyuma ya chupa

Igeuze chupa. Lebo ya mbele ni kazi ya mchoraji, na ya nyuma ni kazi ya sheria. Hapo utaona asilimia ya kileo, ambayo kwa Annata haiwezi kupungua 12 na siku hizi kwa kawaida huwa kati ya 13 na 14.5, utaona ujazo, namba ya fungu la uzalishaji, na maneno «Contiene solfiti», yaani mvinyo una salfaiti, kemikali inayouhifadhi usiharibike. Maneno hayo yasikutishe. Huandikwa kwenye mvinyo wowote wenye zaidi ya miligramu 10 kwa lita, na hamira yenyewe huzalisha salfaiti kidogo wakati wa kuchachuka, kwa hiyo karibu kila chupa duniani huyabeba. Kuanzia mavuno ya mwaka 2024 utakuta pia orodha ya viambato au alama ya mraba ya kusomwa kwa simu inayokupeleka kwenye orodha hiyo, kwa mujibu wa kanuni ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika Desemba 2023. Orodha fupi ni dalili njema, ingawa si uthibitisho.

Mstari wa maana kuliko yote ni ule unaosema nani aliujaza mvinyo kwenye chupa na wapi. Ukisoma «Imbottigliato all'origine da», likifuatiwa na jina la shamba na kijiji kama Radda, Gaiole au Greve, maana yake mvinyo ulijazwa huko huko ulikozalishwa. Baadhi huandika kwa nguvu zaidi, «Integralmente prodotto e imbottigliato», yaani kazi yote tangu zabibu hadi kizibo imefanywa na mzalishaji mmoja. Ukikuta «Imbottigliato da» peke yake, na baada yake jina la kampuni, huenda kampuni hiyo ilinunua mvinyo uliokwisha kutengenezwa na wengine, ikauchanganya na kuujaza. Mvinyo wa namna hiyo unaweza kunyweka vizuri tu, lakini si mvinyo wa shamba la familia, hata kama lebo ya mbele ina saini ya babu na picha ya nyumba yake.

Tazama pia neno linalotangulia jina. «Azienda agricola», «fattoria», «podere», «tenuta» na «castello» si mapambo: chini ya kanuni za Umoja wa Ulaya, mvinyo wenye jina la asili linalolindwa hauwezi kubeba maneno kama hayo isipokuwa zabibu zote zimetoka katika mashamba ya mwenye jina hilo na mvinyo umetengenezwa kwake. Hata hivyo maneno hayo hayasemi chochote kuhusu ukubwa. Castello inaweza kuwa na mamia ya hekta za ardhi. Podere, kwa asili, ilikuwa sehemu ya ardhi iliyolimwa na familia moja chini ya mfumo wa mezzadria, ambapo mkulima na mwenye ardhi waligawana mazao nusu kwa nusu. Sheria ya mwaka 1964 ilipiga marufuku mikataba mipya ya aina hiyo, na kwa kuwa wakulima wengi walikuwa tayari wamekimbilia mijini, nyumba nyingi za mawe katika Chianti zilibaki tupu hadi ziliponunuliwa na watu wapya au na watoto wa wale wale waliokuwa wakilima kwa nusu. Ndiyo sababu mashamba mengi ya familia yanayojiita ya jadi yana lebo zenye umri wa miaka hamsini tu, ingawa mizabibu imekuwapo huko kwa karne nyingi. Usilipie zaidi kwa sababu ya mwaka wa kale ulioandikwa kwenye lebo. Mwaka huo huenda ni wa nyumba, au wa ukoo.

Kwenye ncha ya shingo tafuta alama ya shirikisho la wakulima huru wa mvinyo wa Italia, FIVI, lililoanzishwa mwaka 2008, ambayo ni mtu aliyebeba tenga la zabibu. Wanachama wake hulima mizabibu yao wenyewe, hutengeneza na kujaza mvinyo wao wenyewe, na hawanunui zabibu wala mvinyo wa wengine kwa biashara. Si kila familia ndogo ni mwanachama, kwa hiyo kukosekana kwake hakumaanishi kitu. Kuwapo kwake ndiko kunakokupunguzia maswali. Ukanda wa karatasi wa serikali wenye namba, unaobandikwa shingoni, ni jambo jingine: huthibitisha kwamba mvinyo umepita uchunguzi wa DOCG, daraja la juu kabisa la mvinyo wa Italia, lakini chupa za viwanda vikubwa nazo huwa nao.

Yapo mashamba ya familia ambayo hutayapata kwa njia hii hata kidogo. Sergio Manetti, aliyenunua Montevertine huko Radda mwaka 1967, alitoa mwaka 1977 mvinyo wa Sangiovese tupu, wakati ambapo kanuni bado zilidai zabibu nyeupe ndani ya mchanganyiko, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 alijitoa kabisa katika Chianti Classico. Mvinyo wake, Le Pergole Torte, huuzwa hadi leo bila jina la Chianti na bila jogoo, ukiwa na daraja la IGT ambalo kwa karatasi ni la chini, ingawa ni vigumu kupata mvinyo wa Chianti ulio mwaminifu zaidi kwa ardhi yake. Kwa hiyo neno «Toscana IGT» kwenye chupa kutoka Radda au Panzano lisikufukuze. Muulize muuzaji kwa nini mwenye shamba aliamua hivyo, kwani sababu yake mara nyingi ndiyo maelezo bora ya mvinyo wenyewe.

Kijiji na mwaka

Chianti Classico si kilima kimoja. Radda na Lamole ziko juu na zina usiku wa baridi, kwa hiyo mvinyo wake huwa mwembamba, wenye uchachu mkali na harufu ya maua ya urujuani na cheri chungu. Castelnuovo Berardenga, upande wa kusini karibu na Siena, hupata joto zaidi na hutoa mvinyo uliojaa kinywani. Panzano, ambako wakulima wengi walihamia kilimo hai, iko katikati kwa tabia kama ilivyo kwa mahali. Tangu majina 11 ya sehemu ndogo yalipoidhinishwa, unaweza kuyaona kwenye lebo za Gran Selezione. Kwa madaraja mengine, anwani ya mzalishaji kwenye lebo ya nyuma itakuambia karibu jambo lile lile.

Mwaka wa mavuno nao una uzito wake. Mwaka 2014 ulikuwa wa baridi na mvua, na mvinyo wake ulikuwa mwepesi. Mwaka 2017 ulianza na baridi kali ya Aprili iliyounguza machipukizi, ukaishia katika ukame na joto, na chupa nyingi za mwaka huo zina ukakasi mkavu. Miaka ya 2016 na 2019 ilisifiwa karibu na kila mtu, na mwaka 2023 ugonjwa wa ukungu wa mizabibu ulipunguza sana mavuno katika mashamba mengi. Lakini mwaka mbaya ndio unaompima mkulima mdogo. Anayechuma kwa mikono na kuliacha kila kichala kibovu shambani anaweza kutoa mvinyo mzuri mwaka 2014, tena kwa bei nafuu kwa sababu wanunuzi wanaofuata sifa za miaka wamemkimbia. Shamba unalolijua ni bora kuliko mwaka unaosifiwa kutoka shamba usilolijua.

Swali moja zaidi la kumuuliza muuzaji ni kuhusu mapipa. Familia zinazofuata jadi hukomazia mvinyo katika mapipa makubwa ya mwaloni, yanayobeba maelfu ya lita na kutumika kwa miongo, au katika matangi ya saruji. Pipa dogo la lita 225, hasa likiwa jipya, huupa mvinyo harufu ya vanila na kahawa iliyokaangwa. Sangiovese haina mwili mzito wa kubeba harufu hizo, na baada ya mwaka mmoja katika mbao mpya inaweza kunuka karakana ya seremala. Kwa mvinyo unaotaka kuujua, chagua pipa kubwa.

Kuutunza kabla ya kuufungua

Kwa kuwa Annata nyingi zimekusudiwa kunywewa kati ya miaka mitatu na saba baada ya mavuno, mtu anayenunua ya kunywa ndani ya miezi michache hahitaji chumba maalumu. Anahitaji mahali penye giza, pasipotikisika, na pasipo na joto linalopanda na kushuka. Jikoni, juu ya jokofu, na dirishani ni mahali pabaya kuliko pote. Kwa Riserva au Gran Selezione, ambazo kutoka shamba zuri huishi miaka kumi na zaidi, tafuta halijoto ya nyuzi 12 hadi 15 isiyobadilika sana mwaka mzima, na unyevu wa kutosha ili kizibo kisikauke. Laza chupa, mvinyo uguse kizibo. Mabadiliko ya ghafla ni mabaya kuliko joto la nyuzi mbili au tatu za ziada, kwa kuwa mvinyo unapotanuka na kusinyaa husukuma kizibo na kuvuta hewa. Ukiona kizibo kimechomoza juu ya mdomo wa chupa, au mchirizi wa mvinyo uliokauka chini ya kifuniko cha karatasi, elewa kwamba chupa hiyo imepata joto mahali fulani njiani, na usiinunue.

Kuifungua

Siku moja kabla ya kuinywa, chupa yenye umri wa zaidi ya miaka minane au kumi isimamishwe wima ili mashapo yashuke chini. Chupa changa haihitaji hilo.

Halijoto ndiyo hatua inayoharibiwa na watu wengi zaidi. Nyumba nyingi zina joto la nyuzi 22 na kuendelea, na katika joto hilo kileo hupanda puani na kufunika kila kitu. Annata inafaa kumiminwa ikiwa na nyuzi 15 au 16, na Riserva nyuzi 17 au 18. Iweke kwenye jokofu kwa muda usiozidi saa moja, au kwenye ndoo yenye maji na barafu kwa takriban dakika kumi. Usipitilize, kwa sababu baridi kali huongeza ukakasi. Na kama umekosea, ni afadhali kukosea upande wa ubaridi, kwani glasi hupata joto yenyewe mkononi.

Kata kifuniko chini ya ukingo wa pili wa mdomo wa chupa, futa kwa kitambaa, kisha ingiza kizibuo katikati na kukizungusha hadi ubaki mzunguko mmoja tu nje. Vuta polepole. Mimina kidogo, zungusha glasi, na unuse kabla ya kumpa mtu mwingine. Harufu ya kartoni iliyolowa au ya chumba kilichofungwa muda mrefu, pamoja na kutoweka kwa harufu ya matunda, ni dalili ya kizibo kilichochafuka. Haina madhara kwa afya, lakini haitaondoka hata ukisubiri saa tatu. Ifunge chupa na uirudishe ulikoinunua. Harufu ya kiberiti kilichowashwa au ya yai ni tofauti: hutokea kwa mvinyo uliokosa hewa, na kwa kawaida hutoweka ukizungusha glasi au ukiumimina mvinyo kwenye jagi. Harufu ya siki au ya gundi inayochoma pua ni kasoro. Inayozusha mabishano ni harufu ya zizi la farasi, ambayo huletwa na hamira fulani inayoishi katika mapipa ya zamani. Katika maghala ya familia huonekana mara kwa mara, na wapo wanaoitetea kama sehemu ya jadi. Ikiwa hafifu, nyuma ya cheri, naivumilia; ikitangulia mbele ya tunda, ni uchafu wa pipa na hauna uhusiano na jadi.

Je, mvinyo uhamishiwe kwenye jagi? Annata, hapana; fungua chupa nusu saa kabla na umimine. Riserva changa iliyojaa ukakasi hunufaika na saa moja ndani ya jagi pana. Chupa ya zamani huhamishwa kwa sababu nyingine kabisa, yaani kuitenga na mashapo, na hapo kazi ni ya utulivu. Washa mshumaa au tochi ndogo nyuma ya shingo ya chupa, inamisha chupa polepole bila kuisimamisha tena, na mimina kwa mkondo mwembamba usiokatika huku ukitazama shingo na si jagi. Kwa muda mrefu mvinyo utapita ukiwa safi, mwanga ukionekana kupitia wekundu wake. Kisha utaona uzi mweusi, kama moshi, ukianza kupanda kutoka begani mwa chupa. Acha hapo hapo. Kinachobaki ni kiasi cha glasi ndogo ya mashapo machungu. Mvinyo wa umri huo unywewe mara moja, kwani hewa inayomsaidia kijana humchosha mzee.

Glasi iwe na tumbo pana na mdomo uliosinyaa, na ijazwe si zaidi ya theluthi moja. Mengine kuhusu glasi ni biashara ya wauza glasi.

Mezani

Funda la kwanza lisilo na chakula litakupa mambo matatu kwa zamu: tunda, lililo karibu na cheri chungu kuliko jamu, uchachu unaojaza mate pembeni mwa ulimi, halafu ukakasi, ule wa chai iliyokolea, unaokausha ufizi. Ukakasi huo unatokana na tanini za maganda na mbegu, ambazo hujishika na protini zilizo katika mate na kuyaondolea utelezi. Sasa kula kipande cha jibini la pecorino lililokomaa, au cha nyama yenye mafuta na chumvi, na unywe tena kabla hujamaliza kumeza vizuri. Tanini zimepata protini nyingine za kushika, chumvi imepunguza uchungu, na uchachu ulioonekana kuzidi sasa unasafisha mafuta ulimini. Tunda linajitokeza mbele. Mvinyo ni ule ule na glasi ni ile ile. Jaribio hili huchukua dakika mbili, na linafaa kufanywa kabla ya kutoa maoni yoyote kuhusu chupa.

Mapishi ya Toscana yameumbwa kuzunguka ladha hiyo. Bistecca alla fiorentina, kipande kinene cha nyama ya ng'ombe chenye mfupa, kinachochomwa juu ya makaa na kuachwa kibichi ndani, hudai Riserva. Tambi pana za pappardelle zenye mchuzi wa nguruwe mwitu huenda na Annata iliyopata miaka michache. Nyanya zinastahili kutajwa peke yake, kwa sababu huua mvinyo mwingi mwekundu: uchachu wake huufanya mvinyo laini uonekane maji matupu, lakini Sangiovese ina uchachu wake wa kutosha kusimama nao, na pappa al pomodoro, mchanganyiko mzito wa mkate na nyanya, ni mwenzi wake mzuri licha ya unyonge wake. Supu ya ribollita yenye maharage na kabichi nyeusi, mkate wenye ini la kuku, soseji ya finocchiona yenye shamari, vyote vinafaa. Mkate wa huko hauna chumvi, na ukiula pamoja na soseji yenye chumvi kali na mvinyo huu utaelewa kwa nini hawaoni haja ya kuutia.

Epuka chakula chenye pilipili kali, kwani kileo na tanini huongeza mwako wake, na epuka vitu vitamu, ambavyo huufanya mvinyo uonekane mchungu na mkavu. Samaki mwepesi aliyechemshwa naye apewe mvinyo mweupe. Hata hivyo pwani ya Livorno wanapika cacciucco, mchuzi wa samaki na nyanya, na kuunywea mvinyo mwekundu bila wasiwasi wowote, kwa hiyo sheria ya samaki si ngumu kama inavyosimuliwa.

Kilichobaki

Chupa isiyomalizika izibwe na kuwekwa kwenye jokofu, ikiwa imesimama ili eneo linaloguswa na hewa liwe dogo. Annata changa itakaa siku mbili au tatu, na wakati mwingine siku ya pili huwa nzuri kuliko ya kwanza; itoe nusu saa kabla ya kuinywa. Ikifika siku ya nne, tunda limekwisha, na mahali pake ni chunguni. Huko Impruneta, kusini mwa Firenze, hupika peposo: vipande vya nyama ya ng'ombe ya muundi, vitunguu saumu, pilipili manga nyingi kuliko unavyodhani inafaa, chumvi, na mvinyo mwekundu wa kuifunika nyama yote, kisha moto mdogo kwa saa tatu au zaidi hadi nyama ikatike kwa kijiko. Onja mvinyo kabla ya kuumimina chunguni. Ukiwa umechoka tu, unafaa. Ukiwa umeanza kugeuka siki, moto hautaurekebisha, na ni bora uuache ugeuke kabisa, uutumie kwenye saladi pamoja na mafuta ya zeituni.